Maswali ya Wasomaji: David Pocock na Vita vya Juu ya Mpira

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpenzi wa soka wa siku nyingi ambaye sasa ninaanza kufuatilia raga ya wachezaji 15. Kila ninapouliza ni Mwaustralia gani wa miaka ya karibuni aliyetia fora, hutajiwa David Pocock. Nimetazama mechi zake kadhaa za zamani na sijaridhika: hafungi mara nyingi, hapigi mateke ya pointi, wala si mkimbiaji wa kutisha. Sifa zote hizi zinatoka wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, umemtafuta pale ambapo macho ya mtu wa soka huenda kwanza, yaani kwa mwenye mpira na kwa mfungaji. Kazi ya Pocock ilifanyika chini, mara tu mchezaji mwenye mpira anapoangushwa, na huko ndiko mechi nyingi za raga zinakoamuliwa.

Sheria inamtaka mchezaji aliyekabiliwa akaanguka auachie mpira papo hapo, na anayekuja kuugombea awe amesimama kwa miguu yake mwenyewe, bila kuegemea miili iliyolala. Kati ya kuanguka kwa mwenye mpira na kufika kwa wenzake wa kumlinda hupita muda mfupi mno, pengine sekunde moja au mbili, na ndani ya muda huo mpira ni wa yeyote aliye tayari kuinama na kuushika huku akijua kwamba kipigo kinakuja. Akiushika kihalali, ama ataunyakua, ama aliyelala ataendelea kuung'ang'ania na mwamuzi atapuliza filimbi ya penalti. Penalti hiyo ikipigwa kati ya milingoti huleta pointi 3, na ikipigwa nje ya uwanja huisogeza timu mbele mita nyingi bila jasho.

Nakuomba urudie mkanda wowote wa mechi zake na upunguze mwendo wa picha. Utamwona akifika huku miguu imepanuliwa kupita upana wa mabega, magoti yamekunjwa, mgongo umelala sambamba na nyasi, kichwa kimetangulia na mikono yote miwili imeshaingia chini ya mpira kabla mlinzi wa kwanza hajatia guu. Kisha wanakuja wanaume wenye uzito wa kilo 110 na zaidi, wanamgonga begani, wanamvuta mkono, wanajaribu kumpindua, naye amebaki palepale kama aliyepandwa ardhini. Hakuwa mrefu kwa vipimo vya wachezaji wa mbele, na ufupi huo ulimfaa, kwa kuwa aliye chini zaidi katika msukumano huo ni vigumu kumng'oa. Wengi wana nguvu kama zake; kilichomtofautisha, kwa maoni yangu, ni uamuzi. Hakuurukia kila mpira. Alijua kuacha mmoja na mwingine, akirudi kwenye safu ya ulinzi, ili auchague ule ambao mlinzi wake amechelewa nusu hatua.

Ukitaka mfano mmoja tu, tazama robo fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 2011 kati ya Australia na Afrika Kusini, iliyochezwa Wellington, New Zealand. Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, walimiliki mpira na eneo kwa sehemu kubwa ya dakika 80, lakini kila waliposogea karibu na mstari, mpira uliwaponyoka au ulicheleweshwa hadi safu ya Australia ikajipanga upya. Hawakufunga trai hata moja, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa mpinzani. Australia walipata trai moja ya James Horwill na penalti mbili, wakashinda 11 kwa 9. Waafrika Kusini wengi walimlaumu mwamuzi wa siku hiyo kwa kulegeza sheria za kugombea mpira chini, na sikatai kwamba alilegeza. Lakini ulegevu huo ulikuwa wa timu zote mbili, na mtu aliyeusoma mapema na kuutumia hadi filimbi ya mwisho alikuwa Pocock, aliyevaa jezi nambari 7 ya Australia, jezi ya mgombea mpira chini. Wiki chache kabla yake, katika hatua ya makundi, Pocock alikosekana kwa sababu ya maumivu ya mgongo, na Australia hiyohiyo ikafungwa na Ireland 15 kwa 6. Sijui kipimo kingine kilicho wazi zaidi cha thamani ya mchezaji.

SWALI: Nimesoma kwamba alizaliwa Zimbabwe. Aliwezaje basi kuichezea Australia?

JIBU: Alizaliwa Gweru mwezi wa Aprili 1988, katika familia ya wakulima. Mwaka 2002, wakati wa misukosuko ya kutwaliwa kwa mashamba, familia ilihamia Brisbane naye akiwa na umri wa miaka 14. Sheria za kimataifa za raga za wakati huo zilimruhusu mchezaji kuiwakilisha nchi aliyoishi kwa miaka 3 mfululizo, muda ambao baadaye uliongezwa hadi 5. Alipoichezea timu ya taifa, Wallabies, kwa mara ya kwanza mwaka 2008 dhidi ya New Zealand, katika mechi iliyofanyika Hong Kong, alikuwa ameishi Australia karibu mara mbili ya muda uliotakiwa. Mwaka huohuo alikuwa nahodha wa timu ya vijana wa chini ya miaka 20. Wala hakuwa wa kwanza: George Gregan, aliyecheza mechi 139 za kimataifa na kuwa nahodha wa Australia kwa miaka mingi, alizaliwa Lusaka, Zambia.

SWALI: Kwa nini kuna miaka mizima ambayo jina lake halionekani kabisa? Na kwa nini katika Kombe la Dunia la 2015 alivaa jezi nambari 8 badala ya 7?

JIBU: Maswali haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni goti. Namna ya kucheza niliyoieleza hapo juu inamweka mtu katika hali ya kugongwa akiwa ameinama, miguu imekita na hawezi kukwepa, tena mara nyingi katika mechi moja. Pocock alianza utu uzima wa raga na Western Force ya Perth mwaka 2006, akiwa kijana mbichi, na kufikia 2010, mwaka alioshinda Nishani ya John Eales, tuzo ya juu kabisa ya mchezaji bora wa Wallabies, alikuwa amekwisha kurithi nafasi ya George Smith, bingwa mwingine wa kazi hiyohiyo. Mwaka 2012 alikabidhiwa unahodha baada ya Horwill kuumia, akaiongoza Australia kuishinda Wales katika mechi zote tatu. Kisha mkosi ukaanza.

Mwaka 2013 alihamia Brumbies ya Canberra, na msimu ulipokuwa bado mchanga kano kuu ya ndani ya goti ilikatika. Jeraha hili hutaka upasuaji na miezi isiyopungua 9 ya kujifunza upya kukimbia, kugeuka na kukabili. Alikosa ziara ya British and Irish Lions, timu teule ya wachezaji wa Uingereza na Ireland, ambayo huja Australia mara moja tu kila baada ya miaka 12, na pengo lilikuwa kubwa kiasi kwamba katika mechi ya tatu Smith, akiwa na umri wa miaka 32, aliitwa tena timu ya taifa. Australia walipoteza mfululizo huo kwa mechi 2 kwa 1. Pocock alirejea uwanjani mwaka 2014, akaumia goti lilelile, akafanyiwa upasuaji mwingine. Wachezaji wengi hawarudi katika ubora wao baada ya jeraha la kwanza la aina hiyo, sembuse la pili.

Wakati huo Michael Hooper alikuwa ameichukua jezi nambari 7, na aliichukua kwa haki. Aliporudi Pocock mwaka 2015, kocha Michael Cheika alikataa kuchagua mmoja, akawapanga wote wawili kwa kumpeleka Pocock nambari 8, nyuma ya skramu, yaani ule msukumano wa wachezaji wa mbele wa timu zote mbili. Wataalamu walionya kwamba timu ingepungukiwa na urefu wa kuudaka mpira unaorushwa kutoka pembeni mwa uwanja, na hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo Australia iliifunga England 33 kwa 13 uwanjani Twickenham na kuwatoa wenyeji mashindanoni, kisha ikaishinda Wales 15 kwa 6 baada ya kucheza dakika kadhaa ikiwa na watu 13 tu bila kuruhusu pointi. Zile dakika za watu 13 ningemwonyesha kila kijana anayejifunza raga. Katika robo fainali dhidi ya Scotland, Pocock alikuwa nje kwa jeraha la kigimbi cha mguu, na Australia iliponea chupuchupu, 35 kwa 34. Walifungwa fainali na New Zealand, 34 kwa 17, na mojawapo ya trai mbili za Australia ilikuwa yake.

Jambo ninalolistahi zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 2018 sheria zilibanwa: aliyekabili sharti asimame na aingie kutoka upande wake kabla ya kugusa mpira, na ruhusa ya kutumia mikono ikafupishwa. Wengi walidhani watu wa aina yake wangekosa kazi. Mwaka huohuo alishinda Nishani ya John Eales kwa mara ya pili, ingawa wapinzani walikuwa wakimvuta shingo ili wamng'oe, hadi Cheika akalalamika hadharani.

SWALI: Kwa nini alikwenda Japani ilhali alikuwa bado anahitajika nyumbani?

JIBU: Raga ya Australia hushindania fedha na vipaji na raga ya wachezaji 13 pamoja na kandanda ya Kiaustralia, na klabu za Japani na Ufaransa hulipa vizuri zaidi. Shirikisho lilimpa mkataba uliofika hadi 2019 wenye ruhusa ya kuchezea Panasonic, klabu ya Japani, na kupumzika mwaka 2017 bila kuichezea Wallabies. Kwangu ulikuwa mpango wa busara, kwani mwili uliopasuliwa goti mara mbili ulihitaji pumziko kuliko ulivyohitaji mechi.

SWALI: Ni kweli kwamba aliwahi kukamatwa na polisi, na kwamba sasa ni mwanasiasa?

JIBU: Yote mawili ni kweli. Mwezi wa Novemba 2014, akiwa bado anauguza goti, alijifunga kwa mnyororo kwenye mtambo wa kuchimbia katika mgodi wa makaa ya mawe wa Maules Creek, New South Wales, akipinga uchimbaji ndani ya msitu. Alikamatwa, na shirikisho la raga likampa onyo la maandishi. Miezi michache baadaye, katikati ya mechi, alimweleza mwamuzi kwamba mpinzani alikuwa akitumia maneno ya kuwadhalilisha mashoga, na mpinzani huyo akatozwa faini. Wapo waliosema mchezaji afunge mdomo na acheze. Mimi naona mtu aliyezoea kuingiza kichwa mahali ambapo wengine huchelea kuingiza mguu asingeweza kuishi kwa namna nyingine nje ya uwanja.

Mechi yake ya mwisho ya kimataifa ilikuwa robo fainali ya 2019 huko Oita, Japani, ambapo England walishinda 40 kwa 16, na mwaka 2020 aliacha raga kabisa. Mwaka 2022 aligombea useneta katika eneo la mji mkuu, Canberra, bila chama, akamshinda seneta wa chama cha Liberal na kuwa mgombea binafsi wa kwanza kupata kiti hicho katika eneo hilo. Wapiga kura walimrudisha mwaka 2025.