Gemu za kutumia mwili kwa wazee: chagua mchezo wa zamu

Dada, umeuliza kama ni busara kumnunulia baba yako gemu ya TV, ile ya kuchezwa kwa kupunga mkono, umpelekee kwenye nyumba ya wazee anakokaa, kwa sababu tangu alipoanguka hataki tena kuinuka kitini. Nimefanya kazi ya ulezi katika nyumba ya wazee hapa Mombasa kwa miaka 6, na miaka 4 kati ya hiyo tulikuwa na gemu hizo ukumbini. Jibu langu ni ndiyo, mnunulie. Lakini chagua mchezo wa zamu, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Sisi tulianza na Wii, ile mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo iliyotoka mwaka 2006. Tuliletewa na kijana ambaye nyanya yake alikuwa anakaa kwetu. Ndani yake mna bolingi: unashika rimoti, unapunga mkono kama unayeviringisha mpira, na kwenye kioo mpira unakwenda kuangusha pini 10. Mchezo mmoja una raundi 10, na kwa kawaida kila raundi mtu hutupa mara moja au mbili. Wakicheza wanne, mmoja anainuka, anatupa, anaketi, kisha anapumua wenzake watatu wakitupa. Piga hesabu: mchezo ukiisha baba atakuwa amesimama na kuketi mara 10, na hakuna aliyemwambia fanya mazoezi. Kule kuinuka ndiko kunakompa mzee miguu ya kwenda chooni mwenyewe usiku. Hilo ndilo ninalolitafuta mimi, alama ni za kuwafurahisha wao.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili siku 3 au zaidi kwa wiki. Kwetu hata siku moja ilikuwa vigumu kuipata kabla ya bolingi. Wazee wa kiume walikuwa na bao na dhumna, na bao linachangamsha akili kwelikweli, ila linachezwa umekaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Baadaye tukapewa Xbox, mashine nyingine ya gemu, yenye Kinect, ile kamera inayokutazama mwili mzima bila rimoti. Nilidhani itawafaa zaidi kwa kuwa hakuna kitufe cha kubonyeza. Haikutufaa. Gemu nyingi tulizopewa nazo zilitaka mtu aruke na kukwepa mfululizo, bila pumziko, na mzee mwenye presha huwezi kumweka hapo. Tena mimi nikisimama karibu naye ili nimdake akiyumba, kamera ilinichanganya naye. Mlezi asiyeweza kukaa karibu na mzee wake hawezi kumlinda, kwa hiyo tuliirudisha kabatini. Hata ule ubao wa Wii wa kukanyaga nisingeanza nao kwa mtu aliyekwisha kuanguka, labda awepo mtaalamu wa fiziotherapia. Umeinuka kidogo tu kutoka sakafuni, lakini mzee akishuka kwa kurudi nyuma haoni anakokanyaga.

Sasa nikueleze kilichotupata, ili kisimpate baba yako. Wiki ya pili ya bolingi mzee mmoja alitupa kwa nguvu, akapiga hatua mbele kama aliye na mpira wa kweli mkononi, na kandambili ikateleza kwenye vigae. Alishukia goti. Alhamdulillahi hakuvunjika, ila mimi sikulala usiku ule, kwa sababu miguu yake nilikuwa nimeiona kabla hajasimama na sikusema kitu. Tangu siku hiyo hakuna kandambili kwenye bolingi. Ni kiatu kinachoshika kisigino, au mguu mtupu kama sakafu ni kavu. Mkeka unakunjwa unawekwa kando. Kina bibi wanafunga leso ikaze, iishie juu ya vifundo vya miguu, isiburure. Kiti kiwe kizito, chenye mikono, mgongo wake ukutani. Vile vya plastiki vya harusini vinapinda na kurudi nyuma mtu anapojisukuma kuinuka. Mlezi anasimama upande ulio dhaifu, nyuma kidogo. Na kamba ya rimoti inavaliwa kwenye kifundo cha mkono kila mara, hata kwa anayecheza amekaa.

Kuna dawa za presha zinazoleta kizunguzungu mtu akiinuka ghafla. Mwulize muuguzi wa pale baba anatumia zipi, na mwachie akae wima kidogo kabla ya kusimama. Kama ana sukari, asicheze kabla ya kula. Sisi tulicheza baada ya alasiri, jua likishapungua na watu wameshasali, na miezi ya joto la kaskazi tulipunguza mchezo ukawa mfupi na maji yakiwa karibu. Ramadhani tulihamishia baada ya futari, na waliochoka waliachwa walale.

Utaambiwa wazee hawataki, ati ni mambo ya watoto. Ni kweli watakataa wakiitwa kama watoto. Tulikuwa na mzee mmoja, nahodha wa majahazi zamani zake, sote tukimwita Nahodha. Alikataa katakata. Sikumbembeleza, nilimpa daftari na kalamu, nikamwomba atuwekee hesabu ya alama kwa kuwa wengine hawaoni vizuri kwenye kioo. Aliandika wiki tatu, kwa mwandiko uliopangwa vizuri sana, majina upande mmoja na tarakimu upande wa pili. Siku moja wawili wakabishana, mmoja akidai rimoti inamwonea kwa sababu mpira wake kila mara unakwenda kushoto. Nahodha akaweka kalamu chini. "Unakunja kiganja," akamwambia, "ndiyo maana unapinda." Akashika mikono ya kiti, akainuka, akachukua rimoti kumwonyesha. Zikaanguka pini 7. Alisimama pale akitazama zile 3 zilizobaki, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nina mtupo mwingine?"

Na bibi mmoja wa Kibokoni, kiharusi kilimpooza upande wa kulia. Mazoezi ya mkono alikuwa anayafanya akilia. Rimoti inakubali kuwekwa kwa mtumiaji wa kushoto, kwa hiyo alicheza kwenye kiti chake cha magurudumu kwa mkono mzima. Shida ikawa kitufe cha chini, kile unachokishikilia kwa kidole na kukiachia mpira unapotoka: vidole vyake vilichelewa kufunguka. Tulihesabu pamoja, moja, mbili, achia. Moja, mbili, achia. Siku alipoangusha zote 10 kwa mpigo mmoja, ukumbi mzima ulipiga vigelegele, hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Simwambii mtu kwamba gemu ilimponya kiharusi. Ila baada ya hapo alikuwa anamngoja mtu wa fiziotherapia akiwa ameshavaa, na machozi yalipungua.

Kuhusu kununua: Wii haitengenezwi tena, kwa hiyo utapata ya mkono wa pili. Tazama adapta kwanza. Ya Marekani imetengenezewa volti 120 na hapa stima ni 240, utaiunguza siku hiyo hiyo. Diski nazo zinafuata eneo: mashine ya Uingereza haisomi diski ya Marekani. Sisi tulipoteza pesa kwa kutojua hilo. Uzuri wake ni kwamba kwenye bolingi rimoti moja inatosha watu wanne, wanapokezana kama kikombe cha kahawa barazani. Kama mfuko unaruhusu, mashine ya Nintendo Switch ya mwaka 2017 ina chaja inayokubali stima yetu na gemu zake hazina tatizo la eneo, na gemu yake iitwayo Nintendo Switch Sports, ya mwaka 2022, ina bolingi. Rimoti zake tu ndizo ndogo kwa vidole vilivyokakamaa. Na mkiunganisha Wii, vuteni pazia. Jua la dirishani linaichanganya rimoti inapoelekezwa kwenye kioo, na mzee atadhani kosa ni lake.

Usiende nayo ukamfungia baba chumbani acheze peke yake. Iweke ukumbini, uwaombe walezi wamtafutie wenzake watatu. Kwa kuwa ameshaanguka, wiki ya kwanza acheze amekaa, hata akisema anaweza kusimama. Akianza mwenyewe kusogea ukingoni mwa kiti kila zamu yake ikikaribia, hapo mwite muuguzi, msimamieni wawili, ainuke.

Ungetuambia pia anatumia mkono gani na kama kuna kidole kinachomuuma, nikueleze namna ya kuiandaa rimoti kabla hajaishika mbele ya watu.