Kuhusu mwanao mwenye selimundu
Dada, umeuliza mtoto wa miezi 8 ameipataje selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) wakati wewe na baba yake ni wazima. Inawezekana kabisa: kila mmoja wenu ana kinasaba kimoja cha ugonjwa huu bila kuumwa, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kurithi vyote viwili. Hukumkosea chochote, wala hajarogwa! Kuvimba viganja na nyayo ndiko wengi huanza nako. Zaidi ya yote, homa ikifika nyuzi 38.5 usikae kungoja panadol ishushe, nenda hospitali usiku huohuo. Mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama, kushoto chini ya mbavu. Ikivimba ghafla na mtoto amepauka, kimbia. Na muulize daktari kuhusu penisilini ya kila siku ya kukinga maambukizi, na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu.