Re: Majina yenye ng' yanaharibika kwenye risiti

Ndugu, umesema mfumo wa mauzo hapo soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, unaandika Ng’wandu kama "Ngâ€™wandu", na hata ulipobadili mpangilio wa msingi wa herufi kuwa UTF-8 (usimbaji unaobeba herufi za lugha zote) hali ni ileile. Kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, mpangilio huo unagusa majedwali mapya tu. Ya zamani yanabaki na latin1 yao, usimbaji wa zamani wa baiti moja kwa kila herufi.

Ritifaa iliyopinda (’), ile iliyo kwenye Ng’wandu, ina baiti tatu katika UTF-8. Zikisomwa moja moja, zinatoka alama tatu. Inaniuma kweli, maana kwetu Usukumani majina ya ng' ni mengi, na mteja anastahili jina lake sahihi.

Chukua nakala ya data kwanza, ujaribu kwenye nakala hiyo. Usikimbilie CONVERT TO, amri ya kubadili usimbaji wa jedwali. Kagua safu ya majina kwa HEX(), inayoonyesha baiti zenyewe: ukikuta 92 mahali pa ritifaa, CONVERT TO utf8mb4 (UTF-8 kamili ya MySQL) inatosha. Ukikuta E28099, yaani zile baiti tatu za UTF-8, baiti ni nzima ila safu imetambulishwa vibaya kama latin1. Ipeleke VARBINARY (aina ya baiti tupu), kisha irudishe VARCHAR (aina ya maandishi) yenye utf8mb4. Ukiruka hatua hiyo ukatumia CONVERT TO moja kwa moja, herufi zitasimbwa mara mbili, na kuzinasua ni kazi ya siku nzima.

Programu ya kaunta nayo iunganishwe kwa utf8mb4. Tuletee hiyo HEX tuione.