Mbuni nini kwenye hakathoni ya afya
Ndugu yangu, kwa kuwa umeuliza timu yenu ya wanafunzi ibuni nini katika hakathoni ya afya (shindano la kubuni programu kwa muda mfupi) hapa Kisumu, ningewashauri muachane na programu ya kutambua kila ugonjwa, mshike tatizo moja dogo. Kwa mfano, chanjo ya malaria ya watoto, ilipoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, ilipangiwa dozi nne, mtoto akiwa na umri wa miezi 6, 7, 9 na 24, na hiyo ya mwisho ni rahisi kusahaulika kwa sababu kufikia hapo kitabu cha kliniki kimeshalala chini ya godoro. Ujumbe mfupi wa Kidholuo kwenye kabambe ya mama, ile simu ndogo ya kawaida, utafaa kuliko programu inayodai intaneti (na bando, tusisahau). Kwanza ketini asubuhi moja kwenye foleni ya kliniki.