Gari unalolifufua, uani, miezi mitano ya theluji

Msomaji mmoja wa St. Paul, Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ametuma swali ambalo huja kila Oktoba kwa sura tofauti. Ana Toyota Land Cruiser FJ60, injini ya 2F inawaka kwa kubembelezwa, nusu ya sakafu imeshakatwa, na nyumba aliyopanga ina uwa lakini haina gereji. Anauliza kama anunue turubai zito, alifunike gari gubigubi mpaka Aprili.

Turubai anunue. Kulifunika gubigubi ndiko kutakakoliua.

Baridi yenyewe haina ugomvi na chuma. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis, jiji jirani, ilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na chuma kikavu katika baridi ya namna hiyo hakishiki kutu, kwa sababu maji yaliyoganda hayana kazi ya kufanya. Hatari iko Machi na Aprili. Mchana joto linapanda hadi nyuzi nane au kumi, usiku linarudi chini ya sifuri. Chasisi na injini ni vipande vikubwa vya chuma, vinachelewa kupata joto. Hewa ya mchana yenye unyevu ikivigusa inatoa jasho, na jasho hilo likiwa chini ya turubai lililobana bodi halina pa kwenda. Linajirudia kila siku kwa wiki sita au nane. Mwenye gari akifunua mwezi Mei anailaumu theluji, na theluji haikugusa kitu.

Kwa hiyo kila hatua ipimwe kwa swali moja: maji yatatokaje?

Anza chini. Gari lililoegeshwa juu ya majani au udongo hupokea mvuke kutoka ardhini hata kama juu kuna paa la dhahabu. Tandika nailoni nene ya milimita 0.15, ile ambayo maduka ya ujenzi huiita ya mil 6, ipite upana wa gari kidogo kila upande. Isitokeze nje ya paa la hema utakalojenga, maana itageuka beseni la kukinga maji ya theluji. Ukiweza kumwaga kokoto sentimita tano hadi kumi kabla ya nailoni, bora zaidi. Kila tairi likae juu ya vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18, vyenye upana wa sentimita 40. Tairi lililokaa kwenye dimbwi huganda pamoja nalo, na atakayejaribu kulisogeza Februari atang'oa mpira.

Hapa wengi hupenda kulipandisha gari kwenye stendi za jeki ili tairi zisipate ubapa. Kwenye zege, sawa. Kwenye udongo, usifanye. Ardhi ikiganda huvimba na kuinuka, ikiyeyuka hulegea, tena haifanyi hivyo sawasawa pande zote. Stendi moja ikizama sentimita tatu, gari la tani mbili linalala upande, na huenda kuna mtu chini yake. Acha tairi, ongeza upepo kwa psi 8 hadi 10 juu ya kawaida bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, basi. Kama magurudumu yameshatoka, panga magogo ya mbao kwa kupishana, safu juu ya safu, chini ya ekseli.

Sasa paa. Vibanda vya mabomba membamba vinavyouzwa kwa bei ya kutupa vimetengenezwa kwa jua na mvua. Kibanda cha mita 3 kwa 6 kina eneo la mita za mraba 18. Theluji yenye maji, ile ya Machi, hufikia kilo 300 kwa mita ya ujazo. Ikilala sentimita 30 tu, ni kilo 90 kwa kila mita ya mraba, yaani zaidi ya tani moja na nusu juu ya mabomba yale. Yanapinda usiku mmoja, na yakianguka yanaangukia boneti na kioo.

Jenga hema la mbao za inchi mbili kwa nne. Chukua mbao 12 za futi 12, ziunganishe mbili mbili juu kwa boliti upate jozi sita. Miguu ya kila jozi iachane mita 4.2 chini, kilele kitakuwa mita 3 kutoka ardhini. Kwa kimo cha gari hili, karibu mita 1.8, utabaki na nafasi pande zote bila turubai kugusa paa lake. Simamisha jozi kila baada ya mita 1.2 na uziunganishe kwa mbao za ubavuni, moja kileleni na mbili kila upande, kisha ufunge mbao fupi ya kukatiza juu ya kila jozi, kwenye kimo cha mita 2.2. Turubai la futi 20 kwa 24 linatosha: ule urefu wa 24 ufuate urefu wa gari. Chini ya kila upande kutabaki mwanya wa nusu mita hivi. Usiuzibe! Huo ndio mlango wa unyevu. Mteremko huu ni mkali kiasi kwamba theluji nyingi huporomoka yenyewe, lakini inajilundika palepale kwenye mwanya, kwa hiyo koleo lifanye kazi kila baada ya dhoruba.

Nondo za kushikilia miguu zipigwe ardhini Oktoba. Baada ya hapo utakuwa unapigilia mwamba. Turubai lifungwe kwa mipira badala ya kamba, kwa kuwa upepo mkali ukivuta kamba unang'oa vitundu vya turubai vya kupitishia kamba, mpira unanyumbuka. Upepo wa majira haya huko huja sana kutoka kaskazini-magharibi, ukibeba theluji ya unga. Upande huo tundika pazia, ukiacha wazi theluthi ya juu.

Lile turubai la buluu linalolala moja kwa moja juu ya bodi, likipigapiga rangi kwa miezi mitano, huacha mikwaruzo kama ya msasa. Kama huwezi kujenga hema kabisa, afadhali jalada la kitambaa kinachopumua, la nje, na uwe tayari kulipangusa theluji kwa mkono.

Kabla ya yote hayo gari lioshwe chini, kwa maji mengi, likauke siku mbili tatu za jua. Aliyekulia Mombasa au Tanga anajua chumvi inavyokula chasisi. Ya barabarani huko, ya kuyeyushia barafu, ni kloridi ileile ya sodiamu, ila inamwagwa kwa malori, na inavuta unyevu hewani hata pasipo mvua. Zibua matundu ya maji chini ya milango na kwenye vizingiti. Toa majani yaliyojaa chini ya kioo cha mbele. Kwenye FJ60 angalia sana matao ya magurudumu ya nyuma na mifereji ya paa.

Chuma ulichokisugua mpaka kikang'aa kisikae wazi hata usiku mmoja. Praima ya kijivu ya kopo hainusuru kitu, ina vinyweleo, inanyonya maji na kutu inaanza chini yake bila wewe kuona. Weka praima ya epoksi, nayo inataka joto la nyuzi 15 hivi ili ishike, kwa hiyo kazi hiyo ni ya Septemba. Umechelewa? Paka mafuta ya lanolini, yatokanayo na sufu ya kondoo, kwa wingi, uyaoshe kwa thina wakati wa kuendelea. Sakafu iliyokatwa usiizibe kwa nailoni. Weka wavu wa matundu ya milimita 6, hewa ipite na panya wasipite.

Panya ni sura nyingine. Gari lililosimama ni nyumba yenye joto, sponji na nyaya. Ziba mdomo wa ekzosi na wa kisafisha hewa kwa sufi ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, kisha funga kitambaa chekundu kwenye usukani kiandikwe palipozibwa. Mitego yenye siagi ya karanga iwekwe nje ya gari, chini, kando ya magurudumu. Naftalini inakuachia harufu kwenye viti kwa mwaka mzima, na panya wanaizoea.

Maji ya rejeta yanahitaji uangalifu zaidi kwa gari lililonunuliwa kusini, Arizona au Texas, ambako mwenyewe wa kwanza huenda alijazia maji matupu kama tunavyofanya nyumbani. Maji yakiganda yanatanuka kwa asilimia 9, na bloku, yaani mwili wa injini, inapasuka. Nusu kwa nusu ya glikoli, ile dawa ya kuzuia kuganda, na maji hustahimili hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Usidhani glikoli tupu ni bora zaidi, hiyo inaganda karibu na nyuzi 13 chini. Baada ya kumimina, washa injini na ufungue hita mpaka thermostati, vali inayojifunga injini ikiwa baridi, ifunguke, la sivyo mchanganyiko unabaki kwenye rejeta na maji matupu yanabaki kwenye bloku. Pima mchanganyiko kwa hidromita ya bei ndogo, kile kipimo cha uzito wa majimaji. Injini isiyowaka ikaushwe maji yote, na kumbuka kuna koki mbili: moja chini ya rejeta, nyingine ubavuni mwa bloku. Wanaopasua injini ni wale waliofungua ya kwanza tu.

Petroli: Minnesota inaruhusu petroli isiyo na ethanoli, ile spiriti inayovuta maji, kwa magari ya kale, kwa hiyo itafute. Jaza tanki karibu lote, weka dawa ya kuhifadhi, kwa kawaida mililita 30 kwa lita 10, endesha injini dakika kumi ifike kwenye kabureta, halafu kausha bakuli la kabureta. Tanki lenye kutu ndani lisijazwe chochote, litoe.

Badilisha oili kabla ya kuliegesha, si baada, kwa sababu ya zamani ina asidi na maji. Toa plagi, tia kijiko cha chai cha oili safi katika kila silinda, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili, rudisha plagi. Kila mwezi uizungushe hivyo hivyo robo tatu ya mzunguko. Ila usiiwashe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na kwa dakika kumi za kusimama kwenye baridi maji hayo hayapati joto la kutoka. Yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili. Watu wanaowasha gari kila Jumapili "lisikae bure" wanalizeesha kwa mikono yao wenyewe, na ukiwaambia wanakasirika.

Breki ya mkono usiivute, brekishuu zitagandamana na ngoma. Weka gia na vizuizi vya mbao. Betri itoke, waya wa hasi kwanza, ikae ndani ya nyumba. Iliyojaa, volti 12.6, haigandi hata kwa baridi ya huko. Iliyoisha chaji huganda kwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Ikishuka chini ya 12.4 ichaji, na iliyoganda usiichaji kamwe, inaweza kulipuka.

Barabarani usifikirie. Dharura ya theluji ikitangazwa, yaani amri ya kuondoa magari ili barabara zisafishwe, gari lisilosogea linavutwa. Hata uani, manispaa nyingi hazitaki gari bovu lionekane na majirani, kwa hiyo pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na bima ya wizi, moto na mti kuanguka usiikatishe.

Aprili, kabla ya ufunguo: soma kile kitambaa chekundu, toa vizibo, fungua kisafisha hewa. Ukikuta kinyesi cha panya usifagie kikavu, kinaweza kubeba virusi vya hanta. Vaa glavu, lowesha kwa jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, subiri dakika tano, kisha ufute. Zungusha injini ikiwa bila plagi mpaka geji ya oili ipande, ndipo uzirudishe plagi na kuiwasha.