Unaimba opera na unacheza? Soma hii kabla hujatuma hela

USITUME hiyo amana, mdogo wangu. Hata kama jamaa amekwambia nafasi zinaisha kesho. Uzi wako nimeusoma ndani ya Coaster natoka Makambako, nikapitiliza kituo kwa hasira.

Una miaka 19, uko Uyole, soprano (sauti ya juu ya kike) wa kwaya, mchezaji mzuri wa ngoma, na kuna "kocha" anataka laki 3 akutengenezee sauti ya opera kwa wiki 6: kila siku saa 2 za kucheza, kisha kuimba hapo hapo. Unauliza ulipe au usilipe, Kiitaliano ujifunzie wapi, na chuo cha muziki Cape Town waombaji wanapimwaje. Njia hiyo mimi nimeipita, tena kwa hela ya viazi ya mama yangu.

Kocha wangu alikuwa Iringa. Kuruka kamba dakika 40, kucheza saa nzima, jasho likichuruzika ndipo anakwambia piga aria, ule wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera, eti mwili ukipata moto sauti inafunguka yenyewe. Nikisema koo linawaka, anajibu linapanuka. Linapanuka! Kwani koo ni kiatu cha mtumba? Na mayai mabichi kila asubuhi, eti ya kulainisha nyuzi za sauti. Mtu mzima, anajiita mwalimu wa sauti, hajui kwamba yai linapita njia ya chakula. Lingezigusa hizo nyuzi ungepaliwa mpaka machozi.

Shika hili moja: IMBA KWANZA, CHEZA BAADAYE. Ukishacheza, siku hiyo huimbi.

Sisi wachezaji tumezoeshwa kubana tumbo. Mwimbaji wa opera hashiki maikrofoni, anapenya okestra nzima kwa pumzi yake, na pumzi hiyo haishuki mpaka tumbo lilegee. Ukitoka kucheza tumbo bado limebana, unahema juu juu, basi mzigo wote unaangukia kooni. Jaribu leo. Lala chali sakafuni, weka pakiti ya sembe kilo 1 juu ya kitovu, vuta pumzi taratibu. Pakiti inapanda. Kacheze nusu saa, rudi ulale tena. Yangu ilikaa pale kama jiwe la kaburi, mabega ndiyo yaliyopanda.

Najua kuna mjuaji atakuja kusema mbona majuu wanaimba huku wanacheza. Ndiyo, wakiwa wameandaliwa miaka. Siyo wiki 6.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Ukumbi fulani Mbeya, mwezi wa 6, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Kocha kanipangia dakika 12 za kucheza halafu aria ya Malkia wa Usiku ya Mozart, ile inayopanda mpaka noti ya F iliyo juu ya C ya juu. Pale nyuzi za sauti zinagongana karibu mara 1,400 kwa sekunde. Mimi nilikuwa nimekwaruza koo siku 4 na nikanyamaza nayo. Nikafika kwenye F. Ikatoka hewa tupu, kama tairi la bodaboda limepata msumari. Mama zangu wa kwaya wakapiga vigelegele, walidhani opera ndiyo ilivyo.

Daktari wa masikio, pua na koo akanipitishia kamera puani, akanionyesha kwenye skrini: vinundu viwili, kila uzi wa sauti na chake, vinatazamana. Wiki 3 hakuna kusema. Hata kunong'ona akakataza. Nikawa natembea na daftari. Mwanjelwa mama wa nyanya akaniona naonyesha kwa kidole, akanihurumia, akanishushia bei na kuniongezea mbili. Hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kupata kwenye opera. Kocha? Nilimwandikia meseji, akajibu kwamba sikuwa na imani. Hela hakurudisha hata senti.

Unamfahamu Pretty Yende wa Afrika Kusini? Opera aliisikia mara ya kwanza kwenye tangazo la runinga akiwa na miaka 16. Akasoma hapo hapo Cape Town unapopataka. Jukwaa la jumba la opera la Metropolitan, New York, alilipanda mwaka 2013, akiwa na miaka 27. Piga hesabu mwenyewe, kisha kamwambie huyo wa wiki 6.

Mimi siku hizi naimba alto, sauti ya chini ya kike, na nauza parachichi Njombe, kunadi hakuhitaji C ya juu. Vinundu vilipungua kwa mazoezi na kunyamaza, ila ile F haikurudi tena.

Kiitaliano... aah, hilo watakujibu wengine humu. Umeandika Jumamosi mna mazoezi ya kwaya na kikundi cha ngoma siku hiyo hiyo. Vinaanza saa ngapi, na kipi kinatangulia?