Maswali yenu kuhusu uhuru wa kujieleza

Je, uhuru huu unaniruhusu kusema lolote?
Hapana, ingawa mipaka yake ni michache kuliko wengi wanavyoambiwa. Kifungu cha 19 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinalinda kutoa maoni, na pia kutafuta na kupokea habari. Hilo la kupokea husahaulika. Ukimziba mmoja mdomo, umewanyima wengi kusikia.

Basi serikali inaweza kuweka mipaka ipendavyo?
Haiwezi, na hapa naomba tuelewane vizuri. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 unadai masharti matatu, yote kwa pamoja. Kizuizi kiwe kimeandikwa katika sheria inayoeleweka. Kilinde haki au heshima ya wengine, usalama wa taifa, amani, afya au maadili ya umma. Tena kiwe cha lazima kweli, kisizidi ukubwa wa hatari yenyewe. Sheria inayokataza "habari za kuudhi" bila kufafanua imeanguka kwenye sharti la kwanza. Wala si kazi ya raia kuthibitisha kwamba anastahili kusema. Serikali ndiyo ithibitishe kwamba ilibidi imzuie.

Nikimwita kiongozi mwizi, nifungwe?
Anaweza kukudai fidia kwa kashfa, kwa hiyo uwe na ushahidi. Jela ni jambo jingine. Mwandishi wa habari Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso alifungwa miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka kwa ufisadi. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba kifungo hicho kilikiuka haki yake. Uamuzi huo ungepaswa kujulikana na kila hakimu barani.

Na maneno ya chuki?
Kuchochea ubaguzi au ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya taifa, rangi au dini yao hakulindwi. Kifungu cha 20 cha mkataba ule wa 1966 kinataka sheria ikataze uchochezi huo. Redio RTLM ilichochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, na mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alitiwa hatiani mjini Arusha.

Kampuni ya mtandao imefuta andiko langu. Haki yangu imevunjwa?
Kwa kawaida hapana, kwani mikataba hii huibana serikali. Lakini kama serikali ndiyo iliyoagiza lifutwe, agizo hilo nalo lipimwe kwa masharti yale matatu, mahakamani.